Kitendawili kwa Daktari wa Mapafu

Mume wangu alihama kitandani bila ugomvi wowote. Hatukununiana, hatukurushiana maneno, wala hakuna jirani aliyetutia fitina. Kifua ndicho kilichomhamisha. Akilala chali anakohoa, akilala ubavu anakohoa, mwisho akabeba mto wake akaenda kulala ameketi kwenye kochi la sebuleni, kidevu kimemwangukia kifuani kama abiria aliyepitishwa kituo. Mimi nikabaki na kitanda cha futi sita peke yangu. Watu hudhani kitanda kikubwa ni raha. Jaribu kukilalia miezi na miezi bila mtu wa kuvutana naye shuka, uone kinavyokuwa na baridi hata wakati wa joto.

Mtaani wanamwita Refa. Siku za kazi alikuwa mwokaji mikate, na Jumapili anachezesha mpira kwenye uwanja wa shule. Alikuwa na pumzi yule mtu. Vijana wa miaka ishirini wameinama wameshika magoti, yeye bado anakimbia na filimbi yake mdomoni. Alipostaafu mikate na mpira, akabakiwa na timu moja tu inayomtii: njiwa wake. Banda lao alilijenga kwa mikono yake, limeegemea dirisha la chumba chetu cha kulala. Alikuwa akiwaita kwa filimbi ile ile ya mpira. Akiipuliza, wote wanashuka uani puu, kama mtu kamwaga nguo. Pumzi ya filimbi ilipomwishia, akawa anawaita kwa kugonga kopo.

Mimi napenda vitendawili tangu nina meno ya utoto, lakini hiki cha kikohozi chake hakikunitoa jasho. Akitoka kusafisha banda mchana, jioni anakohoa mpaka machozi. Alipokwenda kukaa kwa dada yake baada ya msiba wa shemeji, alilala kitandani usiku kucha kama mtoto aliyeshiba. Aliporudi nyumbani, kikohozi kikampokea mlangoni. Nikamwambia. Akasema ni unga.

"Miaka yote ile nimevuta unga wa ngano," akasema. "Mapafu yangu ni mkate, mama watoto. Yameumuka tu."

"Uliacha kuoka kabla wajukuu hawajazaliwa. Unga gani huo usiokwisha?"

"Kadi ya njano," akasema, akainuka kwenda kugonga kopo lake.

Kule zahanati nako alisema unga, wakaandika unga. Wakampa dawa ya maji, akainywa chupa kwa chupa, haikumsaidia hata kidogo. Ndipo wakasema aende hospitali kubwa akaonwe na daktari bingwa wa mapafu. Hapo ndipo tulipojifunza kusubiri. Tarehe tuliyopewa ilikuwa mbali mpaka nikadhani wamekosea mwaka. Ilipofika tukavaa, tukaenda, tukaambiwa daktari yuko masomoni, mrudi. Tuliporudi, daktari yupo lakini mashine ya kupulizia imeharibika, mrudi tena. Nikamwambia sista wa mapokezi, "Mwanangu, kumsubiri daktari wa mapafu kunataka uwe na mapafu." Akacheka, akatuandikia tarehe nyingine.

Asubuhi ya safari ya tatu, Refa alisimama mlangoni, viatu vimeng'arishwa, koti limefungwa vifungo vyote. Hakutoka.

"Kwanza uape," akasema.

"Niape nini na sijala?"

"Ukiingia mle ndani, neno njiwa lisitoke kinywani mwako. Yule bingwa akilisikia ataniambia niwaondoe. Nikiwaondoa nitabaki na nani?"

"Na mimi."

"Wewe hushuki ukigongewa kopo."

Nikacheka, na mwenye kucheka kaanza kushindwa. Nikaapa kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwangu. Mguu haujavuka kizingiti, nimeshajuta. Maana niliijua hesabu yake: atasema unga, daktari atatibu unga, na mimi nitazeeka na mto mmoja kitandani.

Basi tukafika. Kliniki ya kifua ina ukumbi mrefu wenye nguzo, na benchi la mbao limeambaa na ukuta mpaka mlangoni kwa daktari. Mmoja akiingia, sote tunasogea nafasi moja, makalio yakisugua ubao mpaka unang'aa kama umepakwa mafuta. Mbele yetu alikaa dereva wa lori, mtu wa kifua kipana chenye pumzi nyembamba. Nyuma yetu alikaa mama mmoja muuza mkaa, kucha zake nyeusi, kitenge chake kisafi, na sauti yake unaweza kuisikia ukiwa mto wa pili.

Tena sauti hiyo ilikuwa mali. Maana utaratibu wa pale, sista anasimama mlangoni na kuita jina, na mgonjwa aitikie kwa nguvu. Akiita mara tatu asisikie kitu, anakwenda kwa anayefuata. Hebu fikiri: umewakusanya watu wasio na pumzi, halafu unataka wapige kelele. Asubuhi ile mzee mmoja alikuwa anaitika kwa kupunga mkono, akarukwa. Toka hapo Mama Mkaa akajipa kazi. Jina lolote likiitwa, yeye anamtazama mwenyewe usoni, mwenyewe anatikisa kichwa, naye anapaza, "Yupo!"

"Gari hili tuko wengi," akasema dereva, "lakini lina honi moja."

"Na wewe usiipige bure," akajibu Mama Mkaa. "Na mimi naumwa."

Jua likapanda, benchi likagoma kusogea. Nikaona watu wanaanza kuinamisha vichwa, nikasema, "Kitendawili."

"Tega," wakaitikia, wengine kwa mdomo, wengine kwa nyusi.

"Nakwenda kwa daktari tangu alfajiri, wala miguu yangu haijanyanyuka."

"Wavivu," akasema dereva.

"Mwenyewe. Jaribu tena."

"Mimi najua," akasema Mama Mkaa. "Ni sisi na benchi hili. Tunakwenda kwa makalio."

Benchi zima likacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikatoka mwanzo wa benchi mpaka mwisho kama ngoma ya kupokezana. Sista akatoa kichwa mlangoni. "Nani anawachekesha wagonjwa wangu?"

"Ni mke wangu," akasema Refa, akininyooshea kidole. "Mwandike."

Ilikuwa mchana umeshageuka sista alipotoka na uso wa habari mbaya. Akasema daktari ameitwa wodini, lazima aende, kwa hiyo leo ataona wale walioko upande huu wa nguzo ya pili. Walioko ng'ambo ya nguzo watapangiwa tarehe nyingine. Nikaigeuzia nguzo shingo. Ilikuwa imesimama kati yangu na Mama Mkaa. Refa ndiye wa mwisho upande wa wenye bahati, na yeye Mama Mkaa ndiye wa kwanza upande wa kurudi nyumbani.

Nikageuka nimpe Refa ile habari njema. Ubao mtupu. Alikuwa ameniaga kitambo kuwa anakwenda msalani, nami nilikuwa nimenogewa na vitendawili. Nikatazama kikapu changu: mkate tuliobeba haupo. Na mtu haendi msalani na mkate. Nyuma ya jiko la hospitali nilikuwa nimeona paa limejaa njiwa wakati tunaingia, na yeye aliwaona kabla yangu.

Dereva akaitwa, akaingia. Hata sijapata la kufanya, akatoka na karatasi zake mkononi, ananiambia "zamu yenu, bibi". Sista akaliita jina la mume wangu.

"Yupo!" akapaza Mama Mkaa kwa mazoea.

"Yuko wapi?"

Sista akaita mara ya pili. Mwenye kufuata alikuwa Mama Mkaa mwenyewe. Angenyamaza tu, akatazama dari, nafasi ingemwangukia mapajani. Na kunyamaza si dhambi. Nikamtazama, naye akanitazama.

"Bibi, nenda kakalie kile kiti," akaniambia. "Kiti kikipoa kinapata mtu mwingine. Babu nitakuitia mimi."

"Lakini wewe ndiye unayefuata, mwanangu."

"Nikipita juu ya mgongo wa mzee wa watu, dawa yenyewe itanikaa tumboni? Inuka." Akajikokota mpaka dirishani, akavuta pumzi kidogo kidogo kama anayekusanya chenji, kisha akaliachia jina la mume wangu likatoka nje mpaka jikoni.

Mimi nikaingia. Nikaketi kwenye kiti cha mgonjwa, nikashika kingo zake.

Daktari bingwa alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu wa mwisho, miwani kaipandisha nyweleni. Alikuwa bado anaandika mambo ya dereva. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hapa nina mgonjwa mwanamume. Ni wewe?"

"Ni nusu yake. Nusu nyingine iko njiani, haina pumzi."

Sista akasema mlangoni, "Daktari, wodini wanakusubiri. Mgonjwa hayupo, turuke."

Daktari akaitazama saa ya ukutani, akanitazama na mimi na mikono yangu iliyong'ang'ania kiti. "Mwache akae," akasema. "Mpaka nimalize kuandika." Kalamu ikaendelea kukimbia, nami nikawa naihesabia mistari iliyobaki kwenye ule ukurasa.

"Zahanati wameandika unga wa mikate," akasema bila kuinua kichwa. "Ni kweli?"

"Alikuwa mwokaji, kweli."

"Zamani?"

"Zamani sana."

"Na nyumbani je? Anavuta sigara? Mnapikia kuni? Kuna kitu kingine chochote anachokaa nacho karibu?"

Neno likaja mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Kiapo ni kiapo, hata ukiapia kizingitini na njaa yako. Lakini niliona na ule ukurasa unaelekea chini, na kochi la sebuleni nikaliona, na kidevu cha mume wangu.

"Daktari mwanangu," nikasema. "Kitendawili."

Kalamu ikasimama. "Bibi, nina haraka."

"Ndiyo maana nakutegea. Ungekuwa na nafasi ningekusimulia."

Akanitazama sawasawa kwa mara ya kwanza. Nadhani na yeye alilelewa na bibi, maana aliishusha miwani machoni, akasema, "Tega."

"Nina wapangaji dirishani kwangu hawalipi kodi. Alfajiri wanapiga soga. Wakikung'uta nguo zao, mzee wangu anakohoa."

"Panya."

"Panya hapigi soga, unamsikia tu akitafuna."

"Popo."

"Popo analala mchana. Hawa wangu wakiona jua wanavimbisha vifua kama madiwani."

Akafikiri. Sista akakohoa mlangoni, kikohozi cha kuhimiza. "Nimeshindwa," akasema daktari. "Nakupa mji."

Nikashtuka, karibu nitoke kitini. Unajua sheria yetu: aliyeshindwa akikupa mji nawe ukaupokea, lazima utoe jibu mwenyewe. Na jibu hilo ndilo nililoapa halitatoka kinywani mwangu.

"Mji wako siutaki," nikasema.

"Bibi, nakupa mji wowote unaoutaka."

"Hata ungenipa na bandari yake. Kaa nao. Sikiliza tena: mpangaji huyo, mpeleke mbali utakako, mfunge kikapuni, mfumbe na macho. Umwachie tu, jioni utamkuta kwako, wala njiani hakuuliza mtu."

Akaiweka kalamu chini, taratibu. "Njiwa," akasema.

Mimi nikaangalia dari.

"Ni wengi?"

"Sijui wewe unawazungumzia akina nani. Lakini ningekuwa na wa kuhesabu, ningechoka."

"Na banda liko dirishani pa chumba cha kulala?"

"Dirisha langu lipo, daktari, na kitu kimeliegemea."

Hapo nje tukasikia viatu. Daktari akainuka akaenda mlangoni, nami nikamfuata. Refa alikuwa anakuja ukumbini, Mama Mkaa pembeni yake, na nisingeweza kukuambia nani kamshika nani. Kila nguzo anasimama. Lakini kwa kuwa ni mtu wa heshima zake, hasimami kupumzika, anasoma matangazo. Alisoma lile la kunawa mikono kama ana mtihani nalo kesho. Akasogea nguzo nyingine, akasoma la chanjo ya watoto wachanga. Daktari alimtazama kimya mpaka alipofika, asimwite wala asimharakishe. Yale matembezi nadhani yalimweleza mengi kuliko karatasi za zahanati.

Akampima kifua mbele na nyuma, akamtia bomba la mashine mdomoni. "Puliza, babu. Puliza, puliza, usiache, puliza." Mtu aliyekuwa akisimamisha watu ishirini na wawili kwa pumzi moja, akapuliza kama anayepoza uji. Alipolitoa bomba alikuwa kajiinamia, na mimi sikuwa na utani wa kumpa.

"Ni unga, daktari," akasema.

"Babu, unafuga njiwa."

Refa akanigeukia. Uso ule naujua, ni wa siku ya penati. "Umesema."

"Mimi? Muulize daktari nani kalitamka."

"Nimelitamka mimi," akasema daktari. "Bibi hakulitaja hata mara moja." Akaunyooshea kidole mfuko wa koti la Refa. "Makombo hayo umewapelekea nani, babu? Wauguzi?"

Mfuko ulikuwa umevimba kwa mkate. Refa akaufunika kwa kiganja, kachelewa.

Daktari akavuta kiti chake karibu. Akamweleza kwamba vumbi la manyoya na la mavi yaliyokauka limeingia kifuani, na mapafu yake yamelikasirikia. Hasira hiyo ikikaa sana, mapafu hukakamaa kama soli ya kiatu na hayarudi tena. Yake bado hayajafika huko. Dawa atampa, atapiga na picha, lakini dawa haiwezi kushindana na banda lililoko dirishani.

Mume wangu akaanza kuchambua makombo mfukoni. Sista alishaacha hata kukohoa. Nilidhani anatafuta namna ya kubishana, maana hajawahi kukubali bao asilolipenda.

"Nikiwaondoa," akasema mwishowe, "nitaweza kulala kitandani?"

"Tukifuata dawa, nategemea hivyo."

"Kochi lile linaumiza shingo," akasema, akiangalia viatu vyake.

Mimi nikajifanya natafuta kitu kikapuni.

Alipotangulia kutoka na karatasi zake, daktari akanishika bega. "Bibi, na ule mji wangu uliokataa?"

"Nimebadili mawazo, nitaupokea. Mji wangu umeketi hapo nje ng'ambo ya nguzo, una kucha nyeusi, na ndio uliokuletea mgonjwa wako."

Akacheka, akamwambia sista awapigie simu wodini awaambie anakuja sasa hivi, halafu akatoa kichwa mlangoni akaita mwenyewe. Mama Mkaa, kwa mazoea, akapaza "Yupo!" kabla hajajua ni yeye.

Njiwa walikwenda kwa fundi baiskeli, ng'ambo ya soko, ambaye alikuwa akiwatamani siku nyingi. Vijana wa jirani wakaja na vitambaa puani, wakalibomoa banda, wakaosha ukuta. Nisiseme uongo, siku ile Refa hakula. Na wiki ya kwanza nusu yao walirudi, kama nilivyomwambia daktari, wakajipanga ukingoni mwa paa wanamtafuta. Yeye akawa amesimama nyuma ya kioo kilichofungwa, anawapungia mikono waondoke, mkono mmoja juu, kama anaonyesha wameotea. Fundi akaja na kikapu, akawachukua tena, akawafungia mpaka walipotaga kwake. Njiwa akishataga mahali, amehamia.

Kikohozi nacho kikahama, si kwa siku moja, kidogo kidogo kama mgeni asiyetaka kuaga. Tulikwenda tena kwa daktari, tukasubiri tena kwenye lile benchi, na mashine ikampa sifa kidogo. Jioni moja baada ya hapo niliingia chumbani nikakuta mto wake umelala pembeni ya wangu.

Siku hizi hutembea hadi sokoni, anasimama ng'ambo ya barabara mkabala na fundi, kama daktari alivyomruhusu, si karibu zaidi. Anatoa filimbi mfukoni. Mara ya kwanza ilitoka sauti ya birika linaloanza kuchemka, na njiwa wawili tu ndio waliogeuza shingo. Sasa hugeuza wote, na wachuuzi wa nyanya pia.

Ile habari ya kitendawili hajaijua. Anaamini ni makombo ndiyo yaliyomchoma. Akisoma hapa atajua, na kadi yangu nyekundu naisubiri kwa mikono miwili.

Ila nina kingine, hiki cha mwisho: nililia arudi, amerudi, na tangu arudi silali. Usinipe mji, nitakujibu bure. Mume wangu amepona kifua, sasa anakoroma.